Damu ya Talai: Nasaba, Jando na Mipaka ya Ibada katika Nchi ya Wakipsigis

Swali la nani ana haki ya kuabudu pamoja na wenzake, na kama mlango wa dini ya mababu hufunguliwa na damu ya mzazi au na kiapo cha yule anayeingia, linawagawanya leo watu wa mataifa mengi wanaojaribu kuzihuisha imani za kale. Katika nyanda za juu za Kericho na Bomet, ambako mashamba ya chai yamefunika vilima kuanzia viungani mwa mji wa Kericho hadi Konoin, swali hilo lilikwisha kujibiwa zamani kwa taratibu za ndoa, jando, majina na urithi, na jibu lake lilikuwa na sehemu mbili zisizofanana. Kwa Mkipsigis wa kawaida, nafasi katika jumuiya ya ibada ilipatikana kwa kupitishwa katika mila, hata kama mtu alizaliwa kwa watu wengine. Kwa ukoo mmoja tu, ukoo wa Talai, uwezo wa kiroho ulihesabiwa kuwa kitu kinachokaa ndani ya damu na kisichoweza kutolewa wala kuazimwa. Serikali ya kikoloni ilipofika iliipuuza sehemu ya kwanza, ikaishika ya pili, na mnamo 1934 ikaifanya kuwa msingi wa sheria iliyowang'oa watu takriban 700 kutoka katika ardhi yao kwa sababu ya ukoo waliozaliwa.

Wakipsigis, ambao ndio kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa Wakalenjin, walimwelekea Mungu aliyeitwa Asis, ambaye alihusishwa na jua na alitajwa pia kwa jina la Cheptalel. Mzee aliyeamka alfajiri aligeukia mashariki kuomba heri ya watoto na ng'ombe wake, na nje ya nyumba, upande huohuo wa mashariki, palisimamishwa mabwaita, yaani madhabahu ya familia iliyoundwa kwa matawi ya miti iliyochaguliwa, ambapo shughuli za ndoa na za jando zilipata baraka. Zaidi ya madhabahu ya nyumbani palikuwa na kapkoros, mahali pa juu ambapo watu wa eneo zima walikusanyika kutoa dhabihu na kuimba, moshi ukipanda kuelekea mbinguni, nao waliokusanyika hapo walikuwa majirani wa koo mbalimbali. Ibada hiyo ya kapkoros ilififia katika miongo ya kwanza ya utawala wa Waingereza, lakini mabwaita ilidumu muda mrefu zaidi, kwa kuwa haikuhitaji mkutano ambao ofisa wa wilaya angeutilia shaka.

Pamoja na Asis walikuwapo oiik, roho za waliokufa, na hapa ndipo nasaba ilipoingia katika dini kwa uzito wake wote. Mtoto alipozaliwa, wanawake wazee walitaja mmoja baada ya mwingine majina ya wahenga wa upande wa baba, wakisubiri mtoto apige chafya, na jina lililokuwa likitajwa wakati huo lilichukuliwa kuwa la mhenga aliyerudi. Jina hilo, linaloitwa kurenet, lilimfunga mtoto kwa marehemu fulani ambaye sasa alihesabiwa kuwa yu hai tena ndani ya ukoo. Kwa kuitazama desturi hiyo peke yake, mtu angeweza kudhani kwamba hii ni dini ya damu tupu, ambayo mgeni asingeweza kuigusa kwa kuwa hana mhenga wa kurudi. Ushahidi wa jinsi Wakipsigis walivyoishi unaonyesha kinyume chake.

Jambo la kwanza ni kwamba koo zao, ambazo huitwa ortinwek na ambazo kila mmoja ulikuwa na mnyama wake au kitu kingine cha asili kilichoheshimiwa kama nembo, hazikukaa mahali pamoja. Watu wa ukoo mmoja walitawanyika kotekote, kuanzia Belgut na Waldai hadi Bureti na Sotik, na kilichowaunganisha wakazi wa kilima kimoja kilikuwa kokwet, yaani ujirani wenye baraza lake la wazee, ambalo liliamua mashauri, kupanga kazi za pamoja na kusimamia amani. Mtu aliomba mvua, aliolewa na kuhukumiwa kati ya majirani ambao wengi wao hawakuwa wa ukoo wake. Waandishi wawili wa kipindi cha ukoloni, J. G. Peristiany, ambaye kitabu chake juu ya taasisi za kijamii za Wakipsigis kilitoka 1939, na Ian Orchardson, Mwingereza aliyeoa na kuishi miongoni mwao kwa muda mrefu na ambaye maandishi yake yalihaririwa na A. T. Matson na kuchapishwa 1961, wanakubaliana katika hilo ingawa walitofautiana katika mengine.

Jambo la pili, ambalo ndilo zito zaidi, ni kuasiliwa kwa wageni. Vita vya mipakani na Wakisii na Wamasai, pamoja na njaa zilizowafanya watu wahame au wawaache watoto wao kwa majirani waliokuwa na chakula, viliwaleta katika nyumba za Wakipsigis watoto na watu wazima wa asili nyingine, na wengi wao hawakubaki watumwa wala vibarua wa kudumu. Aliyeasiliwa aliingia katika ukoo wa baba aliyempokea, akaichukua nembo ya ukoo huo, akafungwa na mwiko wa kutooa ndani yake, na baada ya jando akaitwa arap, yaani mwana, wa baba yake mpya, kama mwana mwingine yeyote. Watoto wake walipozaliwa waliitiwa majina ya wahenga wa ukoo huo, nao oiik, kwa imani ya watu waliokuwapo, hawakukataa kurudi katika nyumba ya mtu aliyezaliwa Kisii. Mwanahistoria Henry Mwanzi, katika kitabu chake cha 1977 juu ya historia ya Wakipsigis, alikwenda mbali zaidi na kuonyesha kwamba Wakipsigis hawakufika katika nchi yao wakiwa taifa lililokamilika, bali walijitengeneza humohumo kwa kuchanganya watu wa asili mbalimbali, wakiwemo Wakisii, Wamasai na wawindaji wa misituni waitwao Ogiek. Hoja hiyo inastahili kukubaliwa, kwa sababu koo nyingi zenyewe husimulia bila haya kwamba mwanzilishi wao alitoka kwingine.

Uhuru huo wa kutunga nasaba ulionekana pia katika ndoa ya mwanamke kwa mwanamke, ambayo Wakipsigis huiita kitunji toloch. Mwanamke aliyefika uzee bila mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari na kumwoa mwanamke kijana, ambaye aliwazaa watoto kwa mwanaume aliyekubaliwa, na watoto hao wakawa watoto halali wa nyumba, warithi wa ng'ombe na ardhi, na wabebaji wa majina ya wahenga wa mume marehemu wa yule mwanamke mzee. Hakuna tone la damu ya marehemu lililokuwamo ndani yao, lakini hapakuwa na mzee wa kokwet ambaye angesimama kusema kwamba si watoto wake. Taratibu hii haipaswi kusomwa kama ujanja wa mali peke yake, kwa kuwa lililohofiwa hasa ni nyumba kuzimika, na nyumba inayozimika ni wahenga wanaokosa pa kurudi.

Mlango wa kweli wa jumuiya, basi, ulikuwa tumdo, neno linalotaja sherehe na hasa jando, pamoja na kipindi cha kukaa faraghani katika kibanda cha menjo ambapo vijana walifunzwa siri, nidhamu na sala na walimu waitwao motirenik. Aliyepita hapo aliingia katika rika lake, ibinda, na rika hilo lilimpa ndugu nchi nzima, awe wa kuzaliwa au wa kuasiliwa. Aliyekataa kupita, hata kama wazazi wake wote wawili walikuwa Wakipsigis tangu vizazi vilivyosahauliwa, alibaki mtoto machoni pa watu, asiyeweza kuoa wala kusimama mbele ya mabwaita. Utaratibu uliowapokea wageni kwa mkono mmoja ulikuwa mkali kwa mkono mwingine, na ukali huo uliwaangukia wasichana kwa namna ya pekee, kwa kuwa nao walikeketwa ili wahesabiwe kuwa watu wazima. Wale waliokataa kwa kufuata mafundisho ya misheni, na baadaye kwa kujilinda chini ya sheria ya Kenya ya 2011 inayopiga marufuku ukeketaji, walitengwa na ndugu zao wenyewe. Dini isiyomuuliza mtu amezaliwa wapi inaweza bado kumtoza mwili wake kama ada ya kuingia, na mwanahistoria anayesifu ukarimu wa Wakipsigis kwa wageni anawajibika kuitaja bei hiyo.

Katika ulimwengu huo wa milango iliyofunguliwa na mila, ukoo wa Talai ulikuwa tofauti. Kutoka kwao walitoka orkoiik, umoja wake ukiwa orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho aliyetabiri, aliyeomba mvua, aliyebariki au kuzuia safari za vita, na ambaye laana yake iliogopwa hata na watu waliompenda. Mtu wa ukoo mwingine aliweza kuwa mganga, mwamuzi wa mashauri au mzee wa kusimamia sherehe, lakini hakuweza kuwa orkoiyot kwa kujifunza, kwa kuchaguliwa wala kwa kulipa. Nembo ya Talai ilikuwa simba, na uwezo wao ulisemekana kuzaliwa nao, ukijitokeza kwa nguvu kwa mmoja na ukilala kwa mwingine, lakini usiotoka kabisa katika mwili wa yeyote aliye wa damu hiyo.

Cha kushangaza ni kwamba ukoo huu, ambao peke yake ulifungwa kwa damu, ulikuwa wenyewe ukoo wa wageni. Mapokeo ya Wanandi, ndugu na majirani wa Wakipsigis upande wa kaskazini, yanasimulia kwamba Talai walitokana na malaiboni wa Wamasai, yaani viongozi wa ibada wa Kimasai, ambao walipokelewa Nandi na kupewa nafasi kati ya koo za huko kabla ya uwezo wao kutambuliwa. Miongoni mwa orkoiik wa Nandi aliyekumbukwa zaidi ni Kimnyole arap Turukat, anayesimuliwa kuwa alitabiri kuja kwa watu weupe na kwa nyoka wa chuma atakayetoka baharini, utabiri ambao baadaye ulifasiriwa kuwa ni reli. Wanandi walimuua Kimnyole mnamo 1890 baada ya misiba mfululizo ambayo walimlaumu kwayo, na mauaji hayo yanaonyesha kwamba damu iliyoheshimiwa iliweza kumwagwa, na kwamba utakatifu wa kurithi haukumkinga aliye nao dhidi ya hasira za watu waliomtegemea.

Wana wa Kimnyole waligombania nafasi yake. Koitalel arap Samoei alibaki kiongozi wa Wanandi na kuongoza upinzani dhidi ya Waingereza hadi Oktoba 1905, alipopigwa risasi na Richard Meinertzhagen katika mkutano uliodaiwa kuwa wa amani. Ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, alikwisha kuhamia kusini kwa Wakipsigis katika miaka ya 1890, ambako alipokelewa na kuwa orkoiyot wa kwanza wa watu hao, na jamaa zake wengine wakaanzisha nyumba zao katika nchi hiyohiyo. Ukoo wa Talai wa Kipsigis, kwa hiyo, ulikuwa umevuka mpaka mara mbili, kutoka Umasai hadi Nandi na kutoka Nandi hadi Kipsigis, na mara zote mbili ulikaribishwa na watu ambao desturi yao ilikuwa kukaribisha. Si sahihi, kwa kweli, kusema kwamba orkoiyot alikuwa taasisi ya tangu na tangu ya Wakipsigis. Waliishi na Asis, mabwaita na kokwet vizazi vingi kabla ya Koilegen kufika, na hofu na heshima waliyompa ilikuwa changa wakati Waingereza walipoanza kuitazama kama kiini cha dini yao.

Uchanga huo ulifichwa na matukio, kwa sababu miaka ya Koilegen ndiyo iliyokuwa miaka ya kunyang'anywa ardhi. Msafara wa kijeshi wa 1905 uliadhibu Sotik, na muda mfupi baadaye walowezi wakapewa mashamba huko. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia eneo la ekari 25,000 katika Kericho lilitengwa kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ambao walijaribu kulima kitani na kufilisika bei ilipoanguka, na katikati ya miaka ya 1920 makampuni makubwa ya chai, Brooke Bond na James Finlay, yakaanza kupanda vichaka ambavyo vimebaki hadi leo. Familia zilizokuwa na kokwet zao katika vilima hivyo zilisukumwa kwenye hifadhi au zikabaki kama maskwota, yaani watu wanaoruhusiwa kuishi shambani kwa kumfanyia kazi mwenye shamba. Ng'ombe walipoibiwa katika mashamba ya walowezi, au uvumi wa upinzani uliposambaa, maofisa waliutafuta mkono wa orkoiyot, nao mnamo 1914 walimkamata Koilegen na kumhamishia Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, ambako alifariki akiwa mbali na watu wake.

Upande wa Nandi jambo lilijirudia 1923, wakati utawala ulipopiga marufuku sherehe kubwa ya kukabidhiana madaraka kati ya marika kwa kuhofia kuwa ingekuwa ishara ya maasi, na ukamkamata Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel. Barsirian alizuiliwa hadi 1964, sehemu ya muda huo katika kisiwa cha Mfangano, na hakuna mfungwa wa kisiasa mwingine katika historia ya Kenya aliyeshikiliwa kwa muda mrefu zaidi. Katika mikasa hii ya 1914 na 1923 serikali bado ilidai kwamba inawaadhibu watu fulani kwa ajili ya mambo fulani, hata kama ushahidi ulikuwa hafifu na hukumu haikutoka mahakamani.

Mwaka 1934 dai hilo liliachwa. Ulikuwa mwaka uleule ambao Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Morris Carter, ilichapisha ripoti yake na kuithibitisha mipaka ya nyanda za juu za wazungu, na mwaka uleule Baraza la Kutunga Sheria mjini Nairobi lilipitisha Sheria ya Kuwahamisha Malaiboni, ambayo iliipa serikali uwezo wa kuwaondoa Talai wa Kipsigis katika nchi yao na kuwaweka mahali pamoja chini ya ulinzi. Jina la sheria lilichukua neno la Kimasai, na kwa neno hilo ukoo mzima, wenye wazee wasiojua utabiri wowote, akina mama, wachungaji na watoto wachanga, ukafanywa kuwa kundi la wachawi. Hapakuwa na haja ya kumthibitishia mtu kosa. Ilitosha kuthibitisha kwamba baba yake alikuwa Talai.

Wale walioitunga sheria hiyo waliamini, na maandishi ya utawala yanadhihirisha imani hiyo, kwamba uwezo wa orkoiyot ulikuwa hadaa iliyowashika watu wajinga, lakini kwa kuuhamisha ukoo wote hadi mtoto wa mwisho walitenda kama kwamba uwezo huo ulikuwamo kweli katika damu. Waliikubali teolojia ya Talai kwa ukamilifu ambao Wakipsigis wenyewe hawakuwahi kuukubali, kwa maana Wakipsigis walijua kwamba ndani ya Talai wengi walikuwa watu wa kawaida, na walijua pia kwamba mke huingia katika ukoo wa mumewe kwa mila. Wake wengi wa Talai walikuwa mabinti wa koo nyingine za Kipsigis, waliolelewa chini ya nembo nyingine, na waliposindikizwa na askari pamoja na waume zao walikwenda uhamishoni kwa ajili ya damu ambayo haikuwa yao. Serikali ilieleza kwamba Wakipsigis wenyewe walitaka kuondolewa mzigo wa kuwaogopa Talai. Hofu ilikuwapo, na si haki kuificha. Lakini hofu ya jirani, ambaye kwa desturi angeituliza kwa zawadi, kwa ndoa au kwa kuhama kilima, ilikuwa kitu kingine kabisa ilipowekewa muhuri wa sheria na bunduki.

Mahali walikopelekwa paliitwa Gwassi, kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria, katika eneo ambalo sasa limo ndani ya Kaunti ya Homa Bay. Watu waliozoea baridi na mvua za nyanda za juu waliteremshwa katika joto la ziwani, penye mbung'o waliowaua ng'ombe na penye malaria ambayo miili yao haikuwa na kinga nayo, na uhamisho huo ulifanywa kwa awamu katika miaka iliyofuata kupitishwa kwa sheria. Kutoka nje ya eneo kulihitaji ruhusa. Watoto walizaliwa huko wakiwa tayari wamefungwa, na kwa kuwa dini ya nyumbani ilitegemea majirani wa koo nyingi, ukoo uliokusanywa peke yake ulinyimwa hata sura ya kawaida ya maisha ya Kipsigis: kokwet yenye watu mchanganyiko, wakwe walio karibu, na vijana wa koo nyingine wa kuingia nao jandoni. Katika historia yao yote Talai hawakuwahi kuwa kundi lililojifunga lenyewe. Walikuwa wamewekwa hivyo na wengine.

Katika hatua hii inafaa kuwarudia wale waliotajwa mwanzoni wanaojaribu kuzihuisha imani za kale, hasa vikundi vya Ulaya na Marekani, kwa kuwa baadhi yake vinafanya kwa hiari kile ambacho serikali ya kikoloni ya Kenya ilikifanya kwa nguvu, yaani kumpima mtu kwa damu. Harakati za kufufua dini ya kale ya Waskandinavia na Wajerumani, zinazojulikana mara nyingi kwa jina la Ásatrú, zilipata umbo la kisheria huko Iceland, ambako chama cha Ásatrúarfélagið kilianzishwa 1972 chini ya mshairi na mkulima Sveinbjörn Beinteinsson na kutambuliwa na serikali mwaka uliofuata. Nchini Marekani zilipasuka pande mbili. Upande mmoja Stephen McNallen, mwanzilishi wa Asatru Folk Assembly, alifundisha kwamba dini ya mababu hupokezwa pamoja na urithi wa mwili na kwa hiyo ni ya watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini peke yao. Upande wa pili jumuiya ya The Troth, iliyoanzishwa 1987, ilishikilia kwamba miungu humpokea yeyote anayeitwa nayo. Mnamo 2016, baada ya Asatru Folk Assembly kutoa tamko lililoonyesha wazi ubaguzi wa rangi na wa kijinsia, vikundi vingi vilitia saini Tamko la 127 na kukata uhusiano nayo.

Wanaodai damu katika mabishano hayo husema kwamba wanawaiga wazee wa kale, ambao inadaiwa walilinda miungu yao kwa nasaba. Wakipsigis ni ushahidi dhidi ya dai hilo, na ushahidi wa watu ambao mnyororo wao na wahenga haukukatika hata wahitaji kuuunga upya kutoka vitabuni: hawa waliwaita marehemu kwa majina pembeni ya kitanda cha mzazi, wakawapokea wana wa Kisii na wa Masai, na hawakuona mgongano. Anayejua kwa hakika mhenga wake ni nani anaweza kumshirikisha mgeni bila hofu ya kumpoteza.

Talai waliruhusiwa kurudi Kericho 1962, Uhuru ulipokaribia, lakini walirudi katika nchi ambayo ardhi yake ilikwisha gawanywa mara mbili, kwanza kwa makampuni na pili kwa wenyeji wenzao, hivyo familia nyingi ziliishia kwenye vipande vidogo au kwenye makazi duni pembezoni mwa mji wa Kericho zikiwa maskwota katika nchi yao wenyewe. Hofu ya zamani iliwafuata pia. Katika siasa za miaka ya karibuni baraka za wazee wa Talai zimetafutwa na wanasiasa wenye nguvu, wakati watu wa ukoo huohuo wakiendelea kuomba mahali pa kuzika wafu wao.

Fikra ya kwamba ardhi na damu ni kitu kimoja, ambayo iliingizwa kwa sheria, haikuishia kwa Talai. Mashamba ya chai yalijaa wafanyakazi kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi, ambao wengi wao walizaa na kulea watoto katika nyumba za kampuni, na katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 watu hao walishambuliwa na kufukuzwa, wakiitwa madoadoa yanayopaswa kusafishwa. Miongoni mwao walikuwa Wakisii, majirani ambao damu yao ilikuwamo katika koo za Kipsigis kwa kukiri kwa koo zenyewe. Kokwet ya karne ya 19 ingewauliza kama wako tayari kuishi kwa kanuni za kilima na kuwaingiza watoto wao katika rika. Vijana wa 2008 waliwauliza majina yao ya ukoo.

Madai ya haki yamechukua njia ndefu. Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya ilitambua mnamo 2019 kwamba Wakipsigis na Talai walitendewa dhuluma za kihistoria, mwaka 2021 wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa waliieleza Uingereza wasiwasi wao kuhusu zaidi ya watu nusu milioni wa eneo la Kericho walioathirika, na mnamo Agosti 2022 shauri likapelekwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mjini Strasbourg. Katika madai hayo nasaba imerudi mezani kwa sura mpya, kwa kuwa anayedai kwa niaba ya waliohamishiwa Gwassi analazimika kuonyesha kwamba ni mzao wao, na ukoo ulioadhibiwa kwa kuhesabiwa damu sasa unaombwa ujihesabu tena kwa kipimo hichohicho. Orodha ya aina hiyo ikitengenezwa na watu wasioijua mila, itawaacha nje wana walioasiliwa na Talai, na watoto wa nyumba zilizojengwa kwa kitunji toloch, ambao babu zao waliugua malaria Gwassi pamoja na wengine wote.

Sheria ya Kenya ina njia ya kuliepuka kosa hilo. Mahakama Kuu mjini Mombasa, katika shauri la mirathi lililoamuliwa 2011, iliitambua ndoa ya mwanamke kwa mwanamke iliyofungwa kwa mila za Wanandi na kuwakubali mke na watoto wa ndoa hiyo kuwa warithi. Kwa mila za Kipsigis, ambazo katika jambo hili hazitofautiani na za Nandi, watoto wa ndoa kama hizo katika ukoo wa Talai ni Talai kamili, na wazee wanaotunza kumbukumbu za Gwassi wanapaswa kuyaandika majina yao katika safu moja na ya wale waliozaliwa na damu ya Koilegen.